Kebo mbili hazitoshi: nani anakata tamaa kwanza storeji ikianguka

Muulize mtu wa seva kama storeji yake (sanduku la diski zinazotumiwa na seva) ina failova, yaani uwezo wa kuhamia njia nyingine moja ikifa, mara nyingi atakupeleka nyuma ya raki akuonyeshe kebo. Hii inaenda swichi ya kulia, hii ya kushoto, kontrola (bongo za storeji) ziko mbili, pawa saplai mbili, feni mbili. Na hajakudanganya, njia kweli ziko mbili. Ila kuwa na njia mbili na kuhama toka moja kwenda nyingine ni mambo tofauti kabisa, maana ili kuhama lazima mtu aamue kwamba ile ya kwanza imekufa, na huyo mtu ni kipande cha programu kinachosubiri sekunde kadhaa halafu kinakata tamaa. Juu yake kuna kingine nacho kinasubiri sekunde zake, na juu ya hicho kuna databesi yenye uvumilivu wake. Failova nyingi zinazoharibika huwa hazijakosa kebo, zimekosa makubaliano kati ya hawa wanaosubiri: nani akate tamaa kwanza.

Tuweke picha kwanza ili tusipotezane. Seva ina poti mbili za faiba chaneli, mtandao maalumu wa storeji. Poti ya kwanza inaenda swichi A, ya pili swichi B, na hizo swichi haziunganishwi, hamna hata kebo moja kati yao. Watu wa mtandao wa kawaida hapa huwa wanashangaa kidogo, wao wamezoea kuunganisha kila swichi na mwenzake, ila kwenye storeji ni makusudi, swichi zikiungana zinakuwa fabriki moja, yaani mtandao mmoja, na zinashirikiana orodha ya zoningi, yaani nani anaruhusiwa kumwona nani, sasa jamaa akichoka saa tano usiku akawasha orodha mbovu, inasambaa pote na njia zako zote zinakufa kwa mpigo mmoja. Zikikaa mbalimbali, kosa linaishia upande wake. Kule mwisho kuna storeji yenyewe, ina kontrola mbili, na kila kontrola ina poti kwenye kila swichi.

Piga hesabu: poti mbili za seva, kila moja kupitia swichi yake inaona kontrola zote mbili, jumla njia nne. Ukimega LUN (kipande cha diski) moja ya 500G kwenye storeji ukaipa seva, Linux haitaona diski moja, itaona nne: sdb, sdc, sdd, sde, zote saizi moja, zote zina data ileile. Kerneli (kiini cha Linux) haijakosea, imehesabu milango. Kazi ya kugundua kwamba milango minne inaingia chumba kimoja ni ya multipathd, programu ya Linux ya kusimamia njia nyingi (multipathi), ambayo inaiuliza kila diski kitambulisho chake (kipo kwenye ukurasa wa 0x83 wa SCSI, lugha ambayo seva na diski huongea), wakifanana inazifunga pamoja na kukupa kitu kimoja kinaitwa /dev/mapper/mpatha. Hicho ndo unatakiwa ukitumie, hicho tu.

Watu hawakitumii. Unakuta mtu ka-mount /dev/sdb moja kwa moja, inafanya kazi vizuri mwaka mzima, siku kebo ya sdb inatoka anashangaa mbona failova haijafanya kazi, wakati njia nyingine tatu zipo hapohapo zinamwangalia. Au LVM (programu ya Linux ya kugawa diski) imewahi kuishika sdb kabla multipathd haijaamka, na kwenye logi kulikuwa na onyo la PV (diski ya LVM) iliyojirudia ila nani anasoma logi za siku ya kwanza. Na kama seva inawaka kutoka kwenye storeji hiyohiyo, basi setingi za multipathi ziwemo pia ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaotangulia seva inapowaka), ukibadilisha multipath.conf bila kupiga dracut -f (kwa wale wa Red Hat na ndugu zake) seva ikiwaka tena inaweza kutumia mambo ya zamani.

Haya, njia nne tumezipata, ila hazilingani. Kwenye storeji nyingi za daraja la kati kila LUN ina mwenyewe, kontrola moja ndo inaishughulikia. Ukiituma kazi (ombi la kusoma au kuandika) kwa kontrola isiyo mwenyewe, zile za zamani kabisa zilikuwa zinakataa, hizi za sasa zinapokea halafu zinaipitisha kwa mwenzake kupitia barabara ya ndani kati ya kontrola mbili. Ni kama kwenda Kigamboni ukitokea Posta pale Dar es Salaam, unaweza kuvuka na kivuko pale Magogoni au ukazungukia Kurasini ukapita darajani, kote utafika ila kumoja unazunguka. Utaratibu wa storeji kumwambia seva njia ipi ni ya moja kwa moja na ipi ni ya kuzunguka unaitwa ALUA, na kwenye Linux unauona hivi:

```
mpatha (3600a0980...) dm-3
size=500G features='1 queue_if_no_path' hwhandler='1 alua' wp=rw
|-+- policy='service-time 0' prio=50 status=active
| |- 1:0:0:1 sdb 8:16 active ready running
| `- 2:0:0:1 sdd 8:48 active ready running
`-+- policy='service-time 0' prio=10 status=enabled
  |- 1:0:1:1 sdc 8:32 active ready running
  `- 2:0:1:1 sde 8:64 active ready running
```

Isome taratibu. Namba ya kwanza, 1 au 2, ni poti ya seva. Kundi la juu lina alama 50, hizo ni njia za kwa mwenyewe, na zipo mbili, moja kila swichi. Kundi la chini lina alama 10, za kuzunguka, zimekaa benchi. Kwahiyo swichi A ikifa, sdb inaondoka na sdd inaendelea, kundi ni lilelile, kontrola haijaguswa. Kundi la chini linaingia uwanjani pale tu ambapo njia zote mbili za juu zimekufa. Ukiona njia zote nne zimewekwa kundi moja kwenye storeji ya ALUA, mtu kaandika path_grouping_policy vibaya na nusu ya kazi yako inazunguka darajani kila siku bila sababu, ukilalamika storeji iko slo unaambiwa ununue diski za SSD.

Zile za zamani zilizokuwa zinakataa zilikuwa na ugonjwa wake mmoja mbaya sana. Seva ya kwanza kwenye klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ikipoteza njia ya kontrola A inaivuta LUN ihamie B, seva ya pili ambayo yenyewe inaona A tu inairudisha A, ya kwanza inaivuta tena, na LUN inadundadunda katikati kama mpira huku hakuna kazi inayofanyika. Dawa yake mpaka leo ni ileile: kila seva kwenye klasta ione kontrola zote mbili. Ukikuta seva moja ina njia nne na mwenzake ina mbili, usilale.

Sasa tuje kwenye saa, ndo penye utamu na maumivu.

Chomoa kebo ya faiba kwenye seva. Kadi ya faiba ndani ya seva inajua papo hapo, taa imezima. Ila draiva haikimbilii kurudisha kazi, inazishikilia kwanza, maana mara nyingi taa hurudi baada ya sekunde moja mbili. Inasubiri fast_io_fail_tmo, ambayo kwenye multipathi ni sekunde 5 ukiiacha ilivyo. Zikiisha, kazi zilizokwama zinarudishwa na kosa, multipathi inazidaka, inaiandika njia ile kuwa imekufa na kuzituma kazi zilezile kupitia sdd. Apu haijui chochote, imeona tu mwandiko mmoja umechukua sekunde tano badala ya milisekunde moja. Kuna saa nyingine, dev_loss_tmo, kawaida sekunde 600, hiyo ni ya kuifuta kabisa diski kwenye orodha, haihusiani na kuhama, watu wanazichanganya.

Hiyo ni ajali safi, na kama ajali zote zingekuwa hivyo mimi nisingeandika makala. Shida ni kebo ambayo haijakatika ila inaumwa. Faiba imekunjwa nyuma ya raki, au kichwa chake kina vumbi, au ile moduli ya SFP (kifaa kinachochomekwa kebo ya faiba) imeanza kuchoka. Taa inawaka. Kadi inasema kila kitu poa. Ila vipande vya data vinapotea njiani. Hapa fast_io_fail_tmo haisaidii kitu kwa sababu hakuna taa iliyozima, tunarudi kwenye saa ya SCSI yenyewe ambayo kwenye Linux ni sekunde 30 kwa kila kazi, na zikiisha hizo 30 bado kerneli haikubali, inajaribu kuifuta kazi, ikishindikana inajaribu kuiriseti LUN, halafu storeji, halafu kadi nzima, kila hatua na kusubiri kwake, unaweza kufika dakika kadhaa huku watumiaji wanapiga simu na dashibodi yako yote ni kijani.

Na kuna mtego juu ya huo. Multipathd inapima njia kila baada ya sekunde kama 5 kwa kuuliza swali dogo sana, "upo tayari?" Swali lenyewe ni dogo kiasi kwamba kwenye kebo mgonjwa linapita vizuri tu na jibu linarudi. Njia inaandikwa kuwa nzima. Kazi kubwa zinatumwa, zinafeli, njia inaandikwa imekufa, swali dogo linapita, inafufuka, zinatumwa tena. Matoleo mapya ya multipath yana setingi zenye majina yanayoanza na marginal_path za kuzitenga njia za namna hii, zinahesabu makosa kwa muda fulani na zikiona yamezidi zinaiacha hiyo njia pembeni. Kwa maoni yangu hizo zina faida kuliko nusu ya vitu ambavyo watu wanahangaika kuvituni.

Wenye iSCSI (storeji kupitia mtandao wa kawaida) wana mgonjwa wao anayefanana na huyu. Seva imewekwa MTU (saizi kubwa kabisa ya pakiti) 9000, storeji 9000, swichi ya katikati mtu kasahau imebaki 1500. Kulogini kunakubali, diski zinaonekana, ukianza kusoma faili kubwa inaganda. Piga ping -M do -s 8972 kwenda IP ya storeji, ikikataa umempata mwizi wako. Halafu iSCSI ina saa yake, replacement_timeout, inakuja na sekunde 120, hiyo ilipangwa kwa mtu mwenye njia moja ambaye hana pa kwenda, ukiwa na multipathi unaishusha mpaka kama 5, la sivyo seva itakaa dakika mbili inamsubiri marehemu wakati njia ya pili iko wazi.

Ziweke sasa hizo saa kwenye ngazi moja. Chini kabisa sekunde 5 za kadi, juu yake 30 za SCSI. Windows yenyewe diski inapewa 60. VMware ESXi (inayobeba seva pepe) ikipoteza njia zote inahesabu 140 ndo inatangaza kwamba imezikosa kweli. Oracle RAC (databesi inayoendeshwa na seva kadhaa) inaipa voting disk, diski ya kuhakiki nani yuko hai, sekunde 200, zikipita nodi (seva husika) inatolewa nje ya klasta. Kanuni iliyo chini ya haya yote ni kwamba aliye chini awahi kukata tamaa kuliko aliye juu, ili kabla wa juu hajaanza kupiga kelele wa chini awe ameshahama. Ukikuta ngazi imegeuka, mfano kazi inaweza kukwama chini kwa dakika nne na databesi inavumilia 200, una klasta ambayo itajiriboti yenyewe kwa sababu ya SFP moja, na fundi wa databesi na fundi wa storeji watalaumiana wiki nzima wote wakiwa na logi za kuthibitisha.

Je, njia zote nne zikifa? Hapo kuna setingi moja, no_path_retry, na ni ya kuamua kwa akili siyo kunakili. Ukiweka queue, kazi zinapangwa foleni milele, apu inaganda kwenye hali ya D (inasubiri diski, haikatizwi) ambayo hata kill -9 haiigusi, load average (kipimo cha mzigo) inapanda kama mnara, ila storeji ikirudi baada ya dakika kumi kila kitu kinaendelea kilipoishia. Ukiweka fail, kosa linapanda juu mara moja, ext4 (mfumo wa mafaili) inaweza kujigeuza kuwa ya kusoma tu, databesi inaanguka. Kwa seva iliyo peke yake napendelea foleni yenye mwisho, mfano no_path_retry 12 na kipimo cha kila sekunde 5, inakupa kama dakika moja. Kwa klasta mambo yanageuka, foleni ya milele ni sumu, maana seva iliyoganda haijafa, imeshikilia kila kitu na mwenzake hawezi kuchukua usukani. Bora ife ijulikane imefa.

Upande wa storeji wenyewe, kontrola moja ikianguka (au ikizimwa makusudi kwa ajili ya kusasisha fimwea, programu ya ndani ya kontrola, ambayo ndo sababu ya kawaida zaidi) iliyobaki inachukua LUN zote, na kwenye dirisha hilo la sekunde kadhaa inawajibu seva "niko nahama, subiri". Seva ikijua ALUA inasubiri na kurudia. Lakini kinachowauma watu kinakuja baadaye kidogo. Kawaida mwandiko unapokelewa ukishaingia kwenye kashe (kumbukumbu ya haraka) ya kontrola zote mbili, ndo maana unajibiwa haraka na ndo maana kontrola ikifa data haipotei. Ikibaki moja hana pa kuweka nakala, kwahiyo storeji nyingi zinaacha kutumia kashe ya kuandika na kusubiri diski zenyewe, kasi inashuka vibaya. Ongeza kwamba hiyo moja sasa inabeba mzigo wa wawili. Kama kila kontrola ilikuwa inatembea kwenye asilimia 70, hesabu haifungi. Anayekuuzia atakuonyesha uwezo wa kontrola mbili zikiwa nzima, wewe panga kwa uwezo wa moja.

Storeji za NVMe (diski za kasi za kisasa) kupitia mtandao zinaleta hadithi ileile kwa majina mapya. Badala ya ALUA kuna ANA, na kerneli ya Linux tangu 4.15 ina multipathi yake ya ndani kwa ajili ya NVMe bila kuihitaji multipathd. Saa bado zipo.

Kwetu huku kuna jambo vitabu vya wauzaji havilikazii vya kutosha, umeme. Pawa saplai mbili zote zimechomekwa UPS moja, hiyo nadhani kila mtu anaijua na bado ipo kila mahali. Ambayo haisemwi sana ni swichi za faiba, unakuta storeji ina UPS nzuri, seva zina UPS nzuri, swichi iko kwenye ekstensheni ya kawaida kwa sababu ni ndogo. Umeme ukikatika, sekunde kumi tu mpaka jenereta ishike, swichi zote mbili zinaanza kuwaka upya na hiyo ni dakika, njia zote nne zimekwenda kwa pamoja. Halafu umeme ukirudi baada ya kuzimika kila kitu, seva zinawaka haraka kuliko storeji, zinatafuta diski hazioni, huduma zinaanza bila data. Mpangilio ni swichi kwanza, halafu storeji mpaka iwe tayari kabisa, ndo seva, na seva ziwekwe zisijiwashe zenyewe umeme ukirudi.

Na hata ukipatia yote haya, multipathi inakulinda na kufa kwa njia, hailindi sanduku lenyewe. Mamlaka ya Kodi ya Australia ilijifunza hili tarehe 12 Desemba 2016, pale storeji yao ya HPE 3PAR ilipoanguka na huduma za kodi za nchi nzima zikazimika kwa siku kadhaa. Ripoti yao wenyewe iliyotoka 2017 ilitaja kebo za faiba zilizokuwa zimebanwa, yaani kile kile cha mgonjwa asiyekufa, na dalili zilikuwa zimeanza kuonekana miezi kabla. Kilichonikaa mimi ni kwamba baadhi ya zana za kusimamia na kurejesha mfumo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye storeji ileile iliyoanguka. Februari 2017, kwenye kazi ya kurekebisha hizo kebo, ikaanguka tena. Kwahiyo jiulize leo: nywila za storeji, mchoro wa kebo, faili la zoningi, vCenter (ya kusimamia VMware), bakapu, vinakaa wapi?

Kujaribu ndo kunakochelewa siku zote. Kuandika offline kwenye /sys/block/sdb/device/state ni jaribio la upole mno, kosa linarudi papo hapo na hakuna saa hata moja iliyopimwa. Zima poti kwenye swichi. Chomoa kebo ya kweli. Riboti kontrola moja huku fio (programu ya kupima diski) inaandika kwa nguvu, halafu usiangalie wastani, angalia kazi moja iliyochelewa kuliko zote ilichukua sekunde ngapi, hiyo ndo namba ya kulinganisha na uvumilivu wa databesi. Baada ya kurudisha, subiri uhakikishe njia zote zimerudi ndo ugeukie upande wa pili, maana ajali nyingi za siku ya fimwea zinatokea hapa, kontrola ya pili inazimwa wakati seva mbili tatu bado zina nusu ya njia.

Na hizo seva za nusu ya njia ndo gharama ya kuwa na njia nyingi: moja ikifa hakuna anayepiga simu. Kwenye logi inaandikwa "remaining active paths: 3" mara moja tu, basi, maisha yanaendelea. Weka kitu cha kuhesabu kila dakika tano kwenye kila seva, multipath -ll mpatha | grep -c 'active ready running' inatosha kwa kuanzia, na namba ikiwa chini ya 4 itume meseji kwa simu ya mtu mwenye jina, siyo kwenye imeili ya timu.